Mstari wa Tope kwa Kinyozi

Mwenyekiti wa mji alitaka mstari wa tope upakwe rangi, na kinyozi alikataa.

Mstari wenyewe ulipita ukutani juu ya kioo cha kunyolea, wa kahawia, umelegea kama mkanda wa mlevi. Hapo ndipo tope lilipofika mwaka mlima ulipoporomoka, baada ya miti ya mteremkoni kukatwa yote na kuuzwa mbao. Nusu ya mji ilikwenda na tope. Waliosalia waliosha kuta zao, wakapiga plasta, wakanyamaza. Baba yake kinyozi peke yake ndiye aliyekataa kuosha.

Sasa mwenyekiti alikuwa anauza viwanja kwenye mteremko uleule. Wanunuzi walikuja kunyolewa, wakainua macho, wakauliza mstari ni wa nini. Kinyozi aliwaambia. Wawili walishadai warudishiwe pesa zao.

Mwenyekiti akaja mwenyewe na ndoo ya rangi nyeupe. Akaketi kitini anyolewe kabisa, maana alikuwa kaka wa mke wa kinyozi na tangu dada aolewe hajawahi kulipia ndevu. Akaeleza habari za maendeleo, povu likimwingia mdomoni. Kinyozi alinyoa shavu la kulia, kisha akafunga wembe.

"Malizia, shemeji."

"Kwanza tazama ukuta. Mama yenu alitolewa wapi?"

Mwenyekiti akasema ya kale yameshazikwa.

"Aliyezikwa ni mama mkwe wangu. Tope lilimzika, tukamfukua, tukamzika tena. Wewe na ndoo yako mnataka mara ya tatu."

Mwenyekiti akasimama na shavu lake moja lililonyolewa. "Utanyolewa bila maji, wewe."

"Sisi mlima ulishatunyoa, shemeji. Wewe una wembe gani?"

Jumamosi, siku ya wanunuzi kupelekwa mteremkoni, kinyozi alikuta kufuli la halmashauri mlangoni. Hakubishana na kufuli. Alileta mtaimbo akang'oa mlango mzima, fremu na kufuli lake. Mkewe, ambaye kaka yake alikuwa amemtuma ambembeleze mumewe, ndiye aliyeshika upande wa pili. Wakaulaza mlango kando ya barabara, ukuta ukabaki wazi kwa kila anayepita.

Gari la wanunuzi lilisimama. Mzee mmoja mrefu akashuka, akaingia, akasimama chini ya mstari. Ulimpita kimo. Alirudi garini akasema na wenzake, na gari likageuzwa palepale, mwenyekiti akiwa mbele kando ya dereva, mdomo wazi.

Mteremko bado ni nyasi. Kinyozi alinyang'anywa leseni, na kiti kilichukuliwa; sasa ananyolea watu kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Mlango haukurudishwa. Na mkewe, ambaye katika ndugu wote mlima ulimwachia kaka mmoja tu, sasa amekanwa hata na huyo mmoja.