Mita kwenye Koma ya Jumwa

Saa nne asubuhi Kitsao alichomeka simu yake kwenye koma ya marehemu mkewe, Jumwa, akaketi kando kumenya muhogo. Koma, kigingi cha mti kilichochongwa sura ya mtu, ilisimama nyuma ya nyumba, kimo cha goti, imefungwa kitambaa kama ilivyo desturi ya kumkumbuka aliyekufa pale Vitengeni. Kosa lilikuwa la mti. Kitsao alikosa mhuhu, mti wa koma tangu zamani, akachonga kipande cha nguzo ya stima kilichoachwa na wakandarasi. Wazee wa ukoo walinuna, wakasema mti uliolishwa dawa marehemu ataukataa. Jumwa hakuukataa. Siku ya saba akaanza kutoa umeme. Macho mawili na mdomo vilikaa sawasawa na meno matatu ya chaja.

Kilichomuua si siri. Kijiji kilikuwa na mtambo wake wa sola, paneli sitini nyuma ya zahanati, na ulifanya kazi vizuri mpaka wakubwa walipokuja kuuunganisha na laini ya taifa, kwa hotuba na maji ya chupa. Tangu hapo laini ikizimika, sharti na mtambo uzimike, usije ukapeleka moto kwenye waya ukamchoma fundi aliye juu ya nguzo. Swichi ya kukitenga kijiji kwa muda huo, kiendelee kutumia sola yake, ipo, walisema, ila inangoja upembuzi yakinifu. Ikangoja mwaka wa tatu. Jumwa alikata roho kwenye kitanda cha zahanati saa sita mchana, laini imezimika, mashine ya oksijeni imenyamaza, jua likichoma paneli zote sitini.

Leo laini ilikuwa imezimika tangu alfajiri, na binti yao Kadzo alikuwa zahanati, kwenye kitanda kilekile, anajifungua.

Saa tano muuguzi Afiya akaleta habari: mtoto katoka, lakini pumzi yake ni ya kuokoteza, na mashine haina moto.

Koma haing'olewi. Watu huhama, yenyewe hubaki. Kitsao alimimina pombe ya mnazi chini, akasema, "Jumwa, twende. Ni Kadzo." Akaing'oa, akaikumbatia kifuani, akatembea kwa kasi ambayo magoti yake yaliruhusu.

Chini ya kivuli cha paneli alikuwako Mahir, mhandisi kutoka Malindi, aliyekuja na fomu za ule upembuzi kuwauliza watu kama wameridhika. Aliamkia vizuri, akafuata ndani. Afiya akachomeka mashine kwenye koma. Koma ikavuma, kwa sauti ileile Jumwa aliyokuwa akiitoa akitwanga, na midomo ya mtoto ikaanza kuacha rangi ya zambarau.

"Hii ni ya kilowati ngapi, mzee?"

"Muulize mwenyewe."

Mahir akachuchumaa, akauliza, akaandika. Kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, mama simkatai. Lakini ni chanzo cha umeme, na kila chanzo lazima kiunganishwe na laini."

"Na laini ikizimika?"

"Naye atazimika."

"Alishazimika mara moja, mwanangu. Mlimzima nyinyi."

Mahir alitafuta pa kuliandika hilo kwenye fomu, hakupata.

Siku ya nne wakaja mafundi wawili na mita. Waliisimika koma kando ya paneli, wakaziba macho na mdomo wake kwa nyaya za mita zisizochomoka, wakaagiza mnazi, wakaumimina kwa adabu kuliko hata Kitsao. Kwenye fomu yaliandikwa maneno mawili: Mradi unawezekana. Jumwa akaanza kutoa umeme wake kwenye waya, ukaenda zake huko pwani kupoza vyumba vya watu asiowajua. Swichi ya kukitenga kijiji haikuja. Kitsao alipoiulizia, aliambiwa ina upembuzi wake.

Alhamisi, saa sita mchana, laini ikazimika. Mjukuu wake alikuwa bado anategemea mashine. Kitsao alisikia mvumo wa koma ukikatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Akaenda, akaigusa. Ilikuwa ya moto mpaka chini. Jumwa alikuwa na umeme tele; hakuwa na ruhusa.

Afiya aliita kutoka dirishani. Kitsao akachukua kipepeo cha ukindu, akaingia, akaanza kumpepea mtoto.