Jiko Lililojengewa Mama Mkwe

Mativo alikuwa mchonga vinyago, na mchonga vinyago ukimwachia kazi ya kujenga jiko, ebu jiandae kusubiri. Wiki tatu nzima alipima uani kwake mtaani Jericho, akapangua, akapima tena. Paa la mabati aliliinamisha upande ili mvua isilowanishe kuni. Juu ya mafiga aliacha upenyo wa moshi. Rafu ya sufuria aliiweka usawa wa kifua cha mkewe Ndindi, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi minane, asije akanyoosha mikono. Mlango ulikuwa mmoja tu, ukitazamana na mlango wa nyumba, ili Ndindi asitembee hatua nyingi.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mama yake Ndindi. Mtoto wao wa kwanza walimpoteza kwa sababu Ndindi alishikwa na uchungu akiwa peke yake, na majirani walipofika ilikuwa too late, kama wasemavyo watu wa ofisini. Safari hii Ndindi aliapa kwamba bila mama yake hatazaa. Lakini Mkamba na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, sembuse kushinda chumba kimoja, na nyumba yao ilikuwa ya chumba kimoja. Basi wakapanga: usiku mama atalala kwa Waithera, jirani yao muuza mboga, na mchana atashinda kwenye jiko la nje.

"Nikikutanishwa na mkwe wangu, narudi siku hiyo hiyo," mama alituma neno kutoka Machakos. Mativo akajiuliza: Mama akirudi, Ndindi atabaki na nani?

Mama alitarajiwa Jumamosi. Ijumaa saa nane mchana, Mativo akiwa ndani ya jiko anapigilia misumari ya mwisho, akasikia, "Hodi wenyewe!"

Jamani! Mama alikuwa amepata lori la machungwa lililokuwa likija sokoni. Akatua mzigo wake, akaketi kizingitini pa jiko, mgongo ukielekea ndani, akashusha pumzi. Mativo akajibana pembeni, nyundo mkononi, jasho likimtiririka. Fundi mzima, na hakuwahi kufikiria kwamba mkwe na mama mkwe hawawezi kutumia mlango mmoja!

Ndindi akatoka nyumbani, akamwona mama yake, na nyuma ya mama akaona jicho la mumewe. Angesema nini? Kumwambia mama kwamba mkwe wake yuko nyuma yake ilikuwa sawa na kumfukuza. Akasalimia, akauliza habari za nyumbani. Mativo akamwomba Mungu mama ainuke, aende hata kunawa miguu. Wapi! Mama akavua viatu.

Ndipo Ndindi akashika ukuta wa jiko. "Mama, tumbo!"

"Tumbo? Si bado mwezi mzima?" Mama aliruka, akamdaka mwanawe palepale mlangoni pa jiko. "Mumeo yuko wapi? Mwanamume wa nyumba hii yuko wapi, jamani?"

Ndindi akauma midomo. Na Mativo akaikumbuka ile mara ya kwanza. Hakungoja. Aliupiga teke ukuta wa bati wa nyuma, mara moja, mara mbili, bati likang'oka na ukuta wake wa wiki tatu ukalala chini. Akatokea huko, akakimbia mpaka kwa Shitanda, dereva wa teksi.

Gari lilipofika mama alipanda na Ndindi. Mativo hangeweza kupanda humo. Alilifuata kwa miguu, mbio, mpaka hospitali ya Pumwani, na jioni akaambiwa dirishani kwamba ni msichana, na wote wawili ni wazima.

Waliporudi nyumbani siku ya tatu, Mativo alikuwa nyuma ya jiko, ameshika bati, anataka kuziba aibu yake kabla mama hajaiona vizuri. Mama akasimama upande wa mbele, mgongo kwake, mtoto kifuani.

"Waithera," akamwambia jirani, kwa sauti ya kusikika uani kote, "mwambie mkwe wangu asiuzibe huo ukuta. Mimi nitapitia huko nyuma, yeye apite huku mbele. Sirudi Machakos mpaka mtoto huyu atembee."

Mativo akaliweka bati chini, akaketi juu yake, akalia.