Kahawa ya Kumkaribisha Mgeni

Nduku hakupenda kusikia Uganda ikisifiwa nyumbani kwake. Lakini Mbuvi, mdogo wake, alikuwa amekuja likizo kutoka Masaka, alikokuwa akimpikia Mhindi mmoja mwenye duka, na tangu Ijumaa ilikuwa ni Uganda tu. Mvua ya Uganda, ndizi za Uganda, wanawake wa Uganda wanaosalimia wakipiga magoti.

"Magoti yangu ni ya kanisani," Nduku alimwambia, akisonga ugali. "Hapa kwetu kuna treni, kuna mahindi, kuna hewa baridi. Nyinyi huko mnakula ndizi mbichi kama tumbili."

"Nani alikudanganya? Zinapikwa ndani ya majani, dada. Na nikwambie lingine: huko mtu mweusi ana kahawa yake, nyuma ya nyumba yake. Anachuma, anauza mwenyewe."

Nduku alicheka mpaka akapangusa machozi kwa ncha ya leso. Tangu mumewe afariki alikuwa akichuma kahawa ya mzungu hapa nje ya Ruiru, na hiki chumba cha bati alipewa kwa sababu ya kuchuma. Kahawa ni ya nani, alijua.

Basi Mbuvi akafungua sanduku lake la mbao, akatoa kifurushi kilichosukwa kwa nyuzi za mgomba. Ndani mlikuwa na kahawa kavu, nyeusi, na maganda yake, iliyochemshwa na majani yenye harufu tamu kisha ikaanikwa.

"Huko mgeni akiingia anapewa hii atafune, kabla ya chai, kabla ya habari. Rafiki yangu mwenye shamba ndiye amekutumia."

Nduku akaacha kucheka. "Umeingiza kahawa kwa nyumba yangu?"

Sheria ya shamba hata watoto waliijua. Punje moja ikionekana kambini, mwenye chumba ni mwizi. Msimu uliopita jirani yake Mukonyo alifukuzwa, sufuria zake zikawekwa barabarani, kwa sababu ya kahawa iliyofungwa kwenye pindo la leso.

"Nitawaeleza imetoka Masaka," Mbuvi alisema.

"Utamweleza nani? Mzungu aamini Mwafrika ana shamba la kahawa, na amenitumia?"

Hapo mlango ukasukumwa. Alikuwa Erastus, nyapara wa wachumaji, Mmaragoli mrefu ambaye kila Jumapili akitoka kanisani alipita akisalimia watu. Na Mbuvi, kwa mazoea ya huko alikotoka, akamnyooshea kifurushi kwa mikono miwili.

"Karibu mzee. Tafuna."

Nduku alishika meza. Erastus akachukua punje moja, akainusa, akaigeuza.

"Hii si ya hapa."

"Ni ya Uganda, nyapara. Haki ya Mungu."

"Mimi nimesikia, mama. Bwana mzungu atasikia?" Akafunga mlango, akaketi. "Ukiichoma, kambi yote itanusa. Ukiitupa, kuku wataichakura. Tuitafune iishe."

Wakatafuna, wote watatu. Mwanzo ilikuwa chungu, kisha kitu kitamu kikabaki kwenye fizi. Miaka yote ya kuchuma, Nduku hakuwa amejua ladha ya kahawa iliyokauka.

"Huyo rafiki yako," Erastus aliuliza, shavu limejaa, "shamba lake ni kubwa?"

"Kama kutoka hapa mpaka pale kwa bomba la maji."

"Na nyapara wake ni nani?"

"Mkewe."

"Huyo ni mkali kuliko mimi," Erastus alisema, wakacheka kwa sauti ya chini, wakiuangalia mlango. Alipomaliza alikusanya maganda kiganjani, akayatia kwenye mfuko wa koti lake la kanisani, akaaga.

Nduku akasukuma kifurushi kitupu ndani ya moto na kukitazama mpaka kikawa majivu. Mbuvi alikaa akingoja matusi ya tumbili yaanze tena. Dada yake akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Huko kwenu," alisema, "kuni mnaokota wapi?"