Umeachia Kitufe?

Mzee Kombo ana mdomo, na kuanzia Ngamiani anakoishi mpaka Kigombe alikozaliwa hakuna asiyeujua. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa reli, akasemea juu ya kelele za injini, na hata alipostaafu sauti haikustaafu naye. Mdomo huo ndio uliomponza siku ya msiba wa mkewe.

Mwanawe Nasri alikuwa wakala wa forodha pale Horohoro. Siku hiyo alikuwa amevuka mpaka kufuatilia mzigo wa mteja, simu imeisha chaji. Nasi tunajua, maiti haiwekwi ikangoja mtu. Alipofika, mama keshazikwa, watu wako mkekani wanakunywa kahawa. Akapiga hodi. Baba yake, uchungu umempanda kichwani, akamjibu mbele ya watu wote, "Hodi yako isisikike tena mlangoni kwangu."

Basi. Nasri akageuza viatu akaondoka. Na kwa kuwa naye ni mtoto wa Mzee Kombo, kichwa kigumu cha kurithi, hakupiga hodi tena, wala simu. Mwaka ukakatika, na wa pili ukakatika.

Aliyebaki katikati ni Najat, binti wa nyumba, mwalimu wa hesabu. Kila Jumamosi baada ya alasiri alikaa sebuleni mbele ya kompyuta ya mtumba akashindana na kaka yake mbio za magari, yeye Tanga, Nasri Horohoro. Kompyuta ile ilitumia Linux, mfumo unaoandikwa na watu wa kila pembe ya dunia kisha wakaugawa bure. Kwa mazungumzo walikuwa na programu nyingine ya sauti. Najat akibonyeza kitufe cha V, Nasri anamsikia. Akiachia, hasikiki. Sauti ya Nasri yenyewe ilitoka kwenye spika, sebule nzima ikaisikia. Waya wa hedifoni ulikatika zamani na Najat hakuutengeneza, makusudi kabisa.

Maana Mzee Kombo, huyo aliyekataza hodi, Jumamosi hizo hatoki nyumbani ng'o. Atakaa kwenye kiti chake cha pembeni amempa binti yake mgongo, anamenya machungwa ya Muheza, anajifanya hasikii. Nasri akishamaliza kusema, mzee atauliza kwa sauti ya chini, "Umeachia?"

"Nimeachia, baba."

"Mbona anakohoa huyo? Mwambie anywe tangawizi. Usiseme ni mimi."

Najat atabonyeza V. "Kaka, kunywa tangawizi." Na Nasri, maskini, akadhani dada yake siku hizi amekuwa mganga.

Hivyo ndivyo baba alivyomlea mwanawe kwa miaka miwili, kwa kitufe kilichoachiwa. Najat roho ilimuuma. Alijua wote wawili wanatakana, na alijua hakuna atakayeanza.

Sasa, kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa. Gari likikata kona, picha inachanika katikati, nusu ya juu inatangulia, nusu ya chini inafuata nyuma, mithili ya kanga iliyoshonwa na mtu anayesinzia. Macho yalimuuma Najat mpaka akaanza kukata tamaa na mchezo wenyewe. Na mchezo ukifa, ndiyo basi tena, baba na mwana wamekosa hata kile kitundu cha kuchungulia. Akaenda kwa Hosea, fundi wa kompyuta, Msambaa mwenye utani usiokwisha.

"Nyie Wadigo, kitu mnakiacha kichanike mpaka kiwe tambara ndio mnakumbuka fundi," alisema Hosea.

"Na nyie mkishuka mlimani mnajifanya mmezaliwa na waya mkononi. Nisaidie bwana."

Hosea akacheka, akamweleza. "Tatizo lako ni mtambo wa picha. Unatumia ule mkongwe, X11. Ukifika pale pa kuandika nywila, bonyeza alama ya gurudumu la meno, chagua Wayland. Huo ndio mpya. Ila sikiliza vizuri. Mkongwe ni nyumba isiyo na milango, programu yoyote inasikia kitufe chochote. Mpya una adabu za kwenu pwani. Programu haisikilizi mambo ya mwenzake bila kupiga hodi."

Najat alishika lile la gurudumu la meno. La hodi likaingia sikio hili likatokea lile.

Jumamosi akachagua Wayland, akafungua mchezo. Subhanallah. Barabara ikateleza mbele yake laini, kona zikapita bila hata ufa, na macho yakapoa. Akajikuta anawashukuru kwa sauti watu asiowajua, waliokaa huko na huko kuandika kitu hiki kisha wasimdai hata asante. Akawaombea kheri kama anavyomwombea jirani aliyemchotea maji.

Akabonyeza V. "Kaka, njoo uone mambo."

Wapi! Nasri akawa anauliza tu, "Dada, upo? Mbona husemi?"

Hapo ndipo maneno ya Hosea yalipomrudia. Mchezo ukiwa mbele, programu ya sauti haisikii tena kile kitufe. Akaingia kwenye mipangilio harakaharaka akaweka kipaza sauti kikae wazi muda wote. "Sasa je?"

"Nakusikia mpaka kuku wa jirani," alisema Nasri.

Mbio zikaanza. Lakini mazoea yana taabu. Kidole kilichofundishwa miaka miwili kikarudi palepale kwenye V, bonyeza, sema, achia. Na Najat, macho yote barabarani, akasahau kabisa kwamba V sasa ni bure, haifungui wala haifungi.

Walipokuwa wanasubiri mzunguko wa pili Nasri akasema, "Dada, Jumatano nahamia Tunduma. Mzigo mwingi siku hizi uko huko. Sijui nitarudi lini."

Kisu cha machungwa kikasimama. "Umeachia?" aliuliza Mzee Kombo.

Najat akainua kidole. "Nimeachia, baba."

Mzee akasema, na safari hii hakunong'ona. "Tunduma ni mwisho wa nchi, mwanangu. Nikifa atafika lini? Tena atakuta watu wako mkekani." Akaweka chungwa chini. "Siku ile niliropoka. Hakukosa kitu yule, alikuwa kazini. Nilikuwa nimetoka kumfukia mama yenu, nikatafuta wa kumlaumu, akatokea yeye. Nikisikia gari nje nanyanyuka. Ila hodi nilimkataza mwenyewe, mbele za watu. Maji yakimwagika hayazoleki. Sasa nitamwitaje?"

Kwenye skrini, gari la Nasri lilibaki limesimama mwanzo wa barabara, na taa ya kijani imeshawaka. Najat akalitazama. Kisha akaona kile kijialama cha kipaza sauti kinavyochezacheza pembeni, kiko wazi. Akafungua mdomo amwambie baba yake. Hakuwahi.

"Hodi," ilisema sauti, taratibu.

"Karibu, pita," alijibu Mzee Kombo, na tayari alikuwa amesimama, mkono unaelekea kwenye pazia la mlango. Ulimi ulitangulia. Mtu wa Tanga ataisikiaje hodi asiitikie? Akafunua pazia. Nje hapakuwa na mtu.

"Hodi, baba. Shikamoo."

Mzee akageuka polepole, akaitazama kompyuta, akamtazama binti yake. "Ulisema umeachia."

"Niliachia, baba. Ndio mtambo mpya huu..." Najat alishindwa kumaliza, machozi na kicheko vimemshika pamoja.

Mzee Kombo angeweza kununa, na ungemjua ungesema atanuna. Lakini karibu imeshatoka, na karibu hairudishwi mdomoni. Akavuta kiti mpaka mbele ya skrini. "Marahaba," alisema, na sauti ile ya reli ikamkatikia katikati. "Marahaba mwanangu. Nimeshasema karibu. Njoo kabla ya hiyo Jumatano."

Nasri alikuja kesho yake. Akapiga hodi ya kweli, akapitiliza kwa baba yake, na wakaenda wote watatu makaburini. Najat alimshukuru Mungu kwa mengi siku hiyo, na sijui kama kuna mwingine aliyewahi kuutia mtambo wa picha katika dua.

Baadaye Hosea akaja kumsasishia mfumo. Jumamosi iliyofuata, mchezo ukiwa umefunguliwa, kikatokea kidirisha kwenye skrini. Programu ya sauti ilikuwa inaomba ruhusa ya kusikiliza kitufe cha V. Ruhusu au Kataa?

"Nini hicho?" aliuliza mzee.

"Inapiga hodi, baba. Nikiruhusu, kitufe kitafanya kazi kama zamani. Nikiachia, hatusikiki."

"Kataa."

Najat akabofya Kataa. Mzee Kombo akasogeza kiti, akainama karibu na kipaza sauti.

"Nasri, huko Tunduma kuna baridi. Umevaa sweta?"