Njia ya Bustani na Kaburi la Ochieng

Ramani ya bustani mpya ya mji, itakayojengwa kando ya mto, ilibandikwa ukutani mwa ukumbi wa kanisa, na kila aliyeingia alitafuta kwanza nyumba yake. Beverly, mtoto mgongoni, alifuata Mto Migori kwa kidole hadi akaifikia ploti ya mama mkwe wake. Miti, viti vya kupumzikia, daraja dogo la miguu. Aliipenda. Tangu aolewe, kingo za mto huo zilikuwa jalala tu. Sasa mwanawe angejifunzia kutembea penye nyasi. Kisha akaona njia imepita juu kabisa ya kaburi la mumewe.

Zamu yake ya kusema ilipofika, aliinuka akaielekezea ramani kidole.

"Hapo mlipopitisha njia pana kaburi."

Mwikwabe, afisa wa mipango, akapekua orodha yake. "Dada, makaburi yote tumeyakwepa. Lakini hapo pameandikwa hakuna mwili."

"Ni kweli. Mwili hakuna."

Waliohamia mjini kutoka kwingine wakacheka. Wajaluo wenzake wakainamisha vichwa. Levis, mwosha pikipiki, akadakia: "Shemeji, kwani mlizika hewa?"

"Tulizika yago," Beverly akasema. "Ochieng alichukuliwa na mafuriko. Tulimtafuta siku tisa, mpaka ziwani. Mto ukikataa kumrudisha mtu, kwetu tunazika tunda la mti wa yago mahali pake, na tunalilia kama mtu. Waliokuja kuhesabu makaburi waliniuliza kama kuna mwili, nikawaambia ukweli. Kumbe ukweli ndio uliomfuta."

Levis akavua kofia. "Nisamehe, shemeji. Sikujua."

Mwikwabe akaikunja orodha yake. "Kwetu Kegonga sijayasikia haya. Lakini penye kilio pana kaburi. Twende ukanionyeshe."

Walimkuta Teresa, mama mkwe, ameketi kando ya kaburi, jembe mapajani. Kikaoni alikataa kwenda. Haombi ruhusa, alisema, ili mwanawe Ochieng alale.

"Nyar Mbita," akamwita Beverly, binti wa Mbita, kwa jina la kwao alikozaliwa, "umewaleta wachimbe? Basi wanichimbe na mimi."

"Hatuchimbi, mama," Mwikwabe akasema. "Tunaipindisha njia."

Akang'oa kigingi kilichochomekwa kaburini, akapiga hatua tatu, akakisimika upya. Teresa akatikisa kichwa.

"Sogea. Hapo umemkanyaga miguu. Ochieng alikuwa mrefu."

Mwikwabe akamtazama Beverly. Beverly alikuwepo siku ya kuzika. Alijua kilichomo humo hakizidi urefu wa mkono wake.

"Alikuwa mrefu kweli," akasema. "Mlango wetu alikuwa anauinamia."

Mwikwabe akakichukua kigingi, akasogea hatua mbili nyingine, akamgeukia mama mzee.

"Hapa, mama?"

"Ongeza kidogo," Teresa akasema, na jembe akaliweka chini.