Amekuja na Nani?

Wewe ulipita hapo getini Jumapili, na usikatae. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nje ya ukuta, na nimewaona watu wakipita hapo miaka mingi. Wote wana shingo moja. Wakifika kwa ukuta wa kijani, shingo inageukia shamba la ngano, kama ngano ya Njoro imeanza kuwahutubia. Ukuta ukiisha, shingo inarudi. Jina la hospitali silitaji. Hata nikilitaja utasema hulijui.

Ndani ya ukuta huo yuko dada yangu, Naliaka. Ana miaka thelathini na nne, anashona magunia kwa stoo ya mahindi pale Rongai, na kesho saa nne asubuhi atadungwa sindano ambayo inaweza kumkata pumzi. Yeye anajua. Mimi najua. Wanaomdunga wameambiwa. Sasa na wewe umeambiwa.

Ugonjwa wake ulianza mwaka wa 2012. Unakuja, unaenda. Ukija, halali siku tatu, anaongea haraka, na magunia yanamwita kwa jina. Ukienda, yeye ndiye ananikumbusha mimi ninyoe ndevu. Dawa zake anazijua kuliko ninavyojua soli za viatu, na mimi ni fundi viatu wa miaka ishirini. Mwaka wa 2018 walimdunga haloperidol, dawa ya kutuliza akili. Shingo ikajipinda nyuma, taya ikajifunga, koo ikakaza, midomo ikageuka rangi ya majivu. Daktari mmoja msichana, wa zamu, akakimbia na dawa ya kulegeza. Alipopumua, daktari akamwambia, "Hii sindano si yako. Mwambie kila mtu, kila mara." Akaandika kwa faili. Faili ikaingia chumba cha mafaili na haijaonekana tena. Yule daktari naye akahamishwa.

Kwa hivyo tukatafuta njia yetu. Ukilazwa pale wanachukua kila kitu: simu, karatasi, sweta, hata pini ya nywele. Tukaona mkono hawawezi kuchukua. Naliaka akisikia ugonjwa unapiga hodi, anashika kalamu na kuandika kwa mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kiganja, herufi kubwa: HALOPERIDOL HAPANA. INANIFUNGA KOO.

Ijumaa iliyopita alikuja kibandani kwangu, mtaa wa Free Area, mkono umeshaandikwa. Akasimama mbele ya viatu vya watu.

"Sitati, nipeleke leo."

"Wacha nimalize hiki."

"Nipeleke nikiwa bado najua njia. Kesho nitakataa."

Nyinyi mnaomwita mwendawazimu, nani kati yenu aliyewahi kujishika mkono hivyo, akajipeleka mwenyewe mahali anapoogopa?

Njiani nikafanya kosa. Nalisema hapa kwa sababu sisahau kosa, hata likiwa langu. Nilimwambia, "Siz, usibishane nao. Ukibishana wanaona umezidi. Sema ndiyo, utatoka haraka." Hiyo elimu niliipata hospitali hiyo hiyo mwaka wa 2009, wodi ya wanaume, kitanda kumi na nane. Waliobishana walifungiwa chumba cha pembeni. Sisi tuliosema "ndiyo, sista" tulienda nyumbani. Baba yetu, mfanyakazi wa kiwanda cha mablanketi, aliisoma kabla yangu, 1997. Aliingia akiwa mtu wa maneno mengi, akatoka akiitikia kwa kichwa tu, na aliitikia hivyo mpaka tukamzika. Wengine kwao wamerithi shamba Bungoma. Sisi tulirithi kuitikia.

Nesi aliyetupokea anaitwa Muturi. Si mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Alikuwa peke yake na wagonjwa arobaini na mmoja, na chai yake ilikuwa imepoa na kufanya ngozi. Alifungua faili mpya, akauliza swali la kwanza la pale, lile wanalouliza kila mtu.

"Amekuja na nani?"

"Na mimi. Ndugu yake."

Basi akageuza kiti, akanielekea mimi. Naliaka akabaki kuangalia bega la Muturi.

"Analala?"

"Silali tangu Jumanne," Naliaka akasema.

Muturi akaendelea kuniangalia. "Analala?"

"Halali tangu Jumanne," nikasema. Akaandika.

"Dawa gani anatumia?"

Naliaka akazitaja zote, na kipimo, na saa. Kalamu haikusogea. Nikazirudia moja moja kama kasuku, kalamu ikatembea. Ndivyo kazi inavyofanywa pale. Neno la mgonjwa haliandikwi mpaka lipitie mdomo wa mtu wake.

Hapo Naliaka akapandisha mkono wa blauzi, akauweka juu ya meza, kando ya chai. Muturi akasoma. Nilimwona akisoma. Kisha akaniuliza mimi, "Ameanza lini kujiandika mwilini?"

"Huo si ugonjwa, boss. Ni ujumbe wako."

Akaukazia macho uso wangu. "Ngoja. Wewe si Sitati? Si ulikuwa kitanda kumi na nane?"

"Zamani. 2009."

Akaweka kalamu chini. Polepole, bila ubaya, kama mtu anayezima redio. "Na wewe dawa zako bado unakunywa?"

Tangu hapo hapakuwa na mtu wa kusema. Palikuwa na wagonjwa wawili na kalamu imelala. Nikapiga meza. Nikapaza sauti. Chai ikamwagika kwa faili, na nadhani hiyo ndiyo ilinimaliza. Askari wa geti, Kipngeno, akanishika kiwiko. "Twende, mzee. Usijiharibie." Nilipogeuka, nikaona Muturi ameiokota kalamu. Alikuwa anaandika habari zangu.

Naliaka alipelekwa kuoga, kama kila anayelazwa. Walimsugua mkono kwa sabuni ya kipande mpaka herufi zikaisha.

Jumapili, saa ya kuona wagonjwa, Kipngeno alinionyesha jina langu kwa kitabu cha geti. Siruhusiwi. Nikazunguka nyuma, penye seng'enge wanapoanika shuka. Mama mmoja akanijia, amevaa gauni la wodi.

"Wewe ndiye wa viatu? Mimi ni Chepkemei. Mimi na dada yako tunalala kitanda kimoja. Ana mateke huyo."

"Ako aje?"

Mzaha ukamtoka usoni. "Walimdunga jana. Shingo ikaenda nyuma, akawa anavuta hewa kama kwa kamba, hivi. Nilipiga dirisha mpaka mikono ikavimba. Nesi wa zamu akakuja akaangalia, akasema huyu anaigiza. Nilimlaza ubavu nikamshikilia, ikapita saa nzima ndio ikaachilia." Akasogea karibu na waya. "Na wameandika hivyo, anaigiza. Mimi ni mwalimu, Sitati. Nimesoma madaftari yaliyogeuzwa miaka kumi na tisa, siwezi kushindwa na faili iliyopinduka mezani kwa nesi. Sindano nyingine wameandika Alhamisi, saa nne."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Mimi pia wananiuliza nimekuja na nani."

Halafu Naliaka mwenyewe akaja, anatembea ameegemea upande mmoja. Shingo ilikuwa haijarudi yote.

"Walipokuja na sindano," nikamuuliza, "hukukataa?"

"Uliniambia nisibishane."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anatoa ripoti. Akatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi. "Nilikuwa mgonjwa mzuri, Sitati. Nilinyoosha hata mkono."

Nilishika waya.

Tangu siku hiyo natafuta mtu. Mtu tu, ambaye hajawahi kulala pale, aingie aseme maneno mawili. Jumatatu nikaenda kwa pasta. Akasema watamweka kwa maombi. Nikamwambia ajiweke kwa gari yake aende wodini. Akasema tutaona. Jana nikaenda Rongai kwa Wachuka, mwenye stoo, ambaye Naliaka amemshonea magunia miaka tisa.

"Mimi niende kwa hiyo wodi?" akasema. "Wateja wakiniona hapo? Si akipona atarudi tu kazini."

"Na sindano ikimnyonga?"

"Wacha maneno makubwa, Sitati. Ndio maana huwa wanakutoa nje."

Akanipa kiti. Akanipa maji. Aende, hapana.

Hospitali nimepiga simu mara tisa. Nikisema jina langu, inakatwa. Nikajiita Travis. Wakaniambia, sawa Travis, njoo na kitambulisho. Kitambulisho kina uso wangu. Daktari mkubwa anapita Ijumaa, na sindano ni Alhamisi. Leo asubuhi nilimwomba Kipngeno ampelekee Naliaka ujumbe akatae, apige kelele, asahau niliyomfundisha. Kipngeno akasema, "Akipiga kelele wataongeza dozi, mzee. Unajua." Najua.

Sasa ni Jumatano, saa kumi jioni, na ninaandika hii kwa goti, nyuma ya daftari la viatu. Nimechoka kukuona ukigeuza shingo. Wewe hujawahi kulazwa pale, na hicho ndicho kitu pekee unachonizidi. Neno lako linaandikwa. Langu linaoshwa.

Kwa hivyo weka chini ulichoshika. Kesho saa tatu uwe getini, na kitambulisho, na kalamu yako. Mwambie Kipngeno umekuja kumwona Naliaka, kitanda cha saba, yule wa shingo. Muturi akiuliza amekuja na nani, sema, "Na mimi." Atageuza kiti akuelekee wewe. Usimjibu lolote lingine. Shika hicho kiti ukirudishe kwa Naliaka, useme, "Muulize yeye." Kaa hapo mpaka aandike atakachoambiwa, haloperidol hapana, inamfunga koo, na usiondoke kabla hujakisoma kwa macho yako. Kisha fanya hivyo hivyo kwa Chepkemei, kwa sababu yeye hana mtu hata wa kusimama kwa waya.

Usiniambie tutaona. Simama.