Maji ya Bashiru

Siku ya pili tangu Bashiru aache kuvuta unga, maji yalianza kutoka chini ya mlango wa nyumba ya dada yake, Saquina, pale Palma, Msumbiji. Lilikuwa jasho la Bashiru, safi na la baridi, likitiririka hadi barabarani. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu Ramadhani, hivyo majirani wakaja na ndoo.

"Yana chumvi kidogo," alilalamika Haula, jirani wa karibu.

"Kamwambie mwenyewe," alijibu Saquina.

Ndani, Bashiru, mchuuzi wa mabeseni kule Namoto mpakani, alikuwa akipiga miayo, akitetemeka na kumtukana kila aliyewahi kumuuzia.

Muuguzi Flávia alikunja suruali akavuka maji. "Jasho, miayo, tumbo kusokota, hiyo ni arosto, itapita. Mpe maji ya sukari na chumvi, kidogo kidogo. Lakini akitapika kila anachokunywa, asipokojoa, akichanganyikiwa, akizimia au akipata kifafa, usingoje. Mlete. Na akirudia unga, hata kidogo, pumzi ikapungua, mlete mbio."

Katibu wa mtaa, Rachide, alijaza madumu mawili, kisha akapeleka ripoti wilayani kwamba mtaa umepata maji.

Siku ya nne asubuhi maji yalikatika. Majirani waligonga.

"Leo vipi, Saquina?"

Saquina akaingia chumbani. Midomo ya Bashiru ilikuwa imepasuka, macho yamezama, moyo ukimwenda mbio. Tangu jana hakuwa amekojoa. Alipomwona dada yake aliinuka kwa adabu, akaanza kutafuta pasipoti chini ya godoro.

"Ni mabeseni tu, afande. Hayana ushuru."

Saquina hakucheka. Aliita pikipiki, akamweka mdogo wake katikati na kumshika kiunoni. Majirani wakasogeza ndoo wapite.

Hospitalini Flávia alimtundikia dripu ya soro. Chupa ya tatu ilipofika nusu, Bashiru alifumbua macho.

"Dada, mbona kanga umeivaa nje ndani?"

Hapo ndipo Saquina alipolia.

Siku ya saba Bashiru alirudi nyumbani, mkavu, akaomba wali. Mafundi wa bomba hawakuja. Wilayani walikuwa na ripoti ya Rachide. Haula alikuja kumjulia hali, ndoo mkononi.

"Umepona kabisa?"

"Kabisa, dada Haula."

"Kabisa kabisa?"

"Wallahi."

"Alhamdulillahi," alisema Haula. Alisimama kidogo akiutazama mlango, kisha akashika njia ndefu ya kisimani.